Chupa za Siku za Mgao

Bi Somoe binti Mfaume hakumwamini mtu, na hakuona haya kulisema. Kopo lake la sukari pale kazini lilikuwa na mstari wa penseli kwa ndani, ili ajue sukari imeishia wapi. Kufuli la kabati la mifagio alilifunga tundu la ufunguo likiwa limeelekea ukutani. Akilikuta limegeuka, anajua kuna mkono umepita. Chai hakuinywa mpaka aione ikimiminwa. Hata kwenye maulidi ya jirani zake wa Mtoni, ambako wenzake wote waliacha viatu mlangoni, yeye aliingia na vyake ndani ya mfuko, akavikalia.

Tusifanye haraka kumcheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa baba yake alipofariki, huko Keko. Siku ya arobaini, ubani bado unafuka, baba yake mdogo alimwekea karatasi mbele yake, akamwambia, "Bonyeza dole gumba hapa mwanangu, ni mambo ya marehemu." Akabonyeza, machozi yanamtoka, na wino ukabaki kwenye kidole siku mbili. Mwezi haukuisha, wakaja watu wasiowajua na vitanda vyao, wakasema nyumba wameinunua. Mama yake alitoka na sufuria tatu na mkeka.

Toka siku hiyo kitu fulani ndani ya Somoe kiliamka, hakikulala tena. Alijiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hakufuata raha ya kusoma. Alitaka tu asije akawekewa tena mbele yake karatasi asiyoijua. Kisomo hicho ndicho kilichompatia kazi ya kuosha vyombo kwenye maabara moja ndogo ya utafiti upande wa Temeke, na hapo alikaa miaka kumi na mbili bila kupoteza hata kizibo.

Chumba alichokihudumia kilikuwa na watu wawili tu zaidi yake. Mkubwa wao alikuwa Daktari Badriya, binti wa wenye duka la vitambaa Kariakoo, Waarabu wa siku nyingi wa mji huu. Alikuwa amesoma ng'ambo na kurudi na miwani minene, lakini adabu ya nyumbani kwao hakuiacha huko. Kila asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba, alisema, "Shikamoo, bi Somoe." Wa pili alikuwa fundi wa maabara, Theonest, kijana mrefu wa Bukoba, ambaye shikamoo yake ilikuwa ya kuinama kabisa na kutulia hapo chini kidogo. Ya daktari bi Somoe aliipokea vizuri. Ya Theonest aliipokea huku akijiuliza huyu ananitakia nini.

Kazi yao ilikuwa ya ajabu. Ndani ya chupa bapa za kioo, kwenye maji ya rangi ya waridi, waliwafuga wadudu ambao si wadudu: seli zilizotokana na figo la nyani, ndogo hata jicho halizioni. Zilikaa kwenye kabati la joto, na kila siku mchana baadhi ya chupa zilitumbukizwa kwenye beseni la umeme lenye maji ya nyuzi arobaini na tano kwa muda wa saa nzima. Saa kumi daktari alizitia rangi ya bluu, akazitazama kwa hadubini. Seli iliyokufa huinywa ile bluu. Iliyo hai huikataa, inabaki nyeupe.

"Sasa mnazitesa za nini, masikini?" bi Somoe aliuliza siku moja, wanasubiri maji yapate moto.

Daktari Badriya hakumdharau. Alivuta kiti. "Joto likizidi, bi Somoe, vitu vya ndani ya seli vinaharibika, vinagandamana. Lakini seli haikai tu ikangoja kufa. Ina protini moja, siku zote imekaa peke yake, wala huwezi kujua ina kazi gani. Joto likipanda inashtuka. Inajiunga na wenzake wawili, wanakuwa watatu, wanaingia kwenye kiini cha seli, kule zilikoandikwa kazi zote. Wanafungua ukurasa wa mafundi. Basi mafundi wanatengenezwa, wanatoka kwenda kunyoosha vilivyopinda."

Bi Somoe alifikiri kidogo. Kwao Mtoni kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mzee Mashaka, ambaye kutwa alisinzia barazani hata ukadhani serikali imemsahau. Ukizuka ugomvi tu, anaamka, anawapitia mabalozi wenzake wawili, wanaingia wote watatu kwenye nyumba yenye matatizo.

"Kumbe balozi," alisema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kuanzia siku ile, protini ile ikaitwa Balozi hapo chumbani, na swali la daktari likawa ni joto gani linalomshinda Balozi, liue seli kabla hajawahi kuita mafundi.

Ukaja mwaka wa tisini na nne, na mwezi wa tano ukaanza mgao wa umeme. Siku moja upo, siku moja haupo. Siku ya mgao kabati la joto lilizimika tangu usiku, na asubuhi bi Somoe alizikuta chupa zimepoa. Mchana Theonest aliwasha jenereta la uani, kwa muda wa kupasha beseni na kuokoa majokofu tu, maana mafuta yalikuwa haba.

Sasa, mwezi wa kwanza wa mgao, chupa mbili zilipasuka ndani ya beseni. Zilikuwa kuukuu, zimeoshwa hata kioo kimechakaa, na kuagiza nyingine kulichukua nusu mwaka. Mkuu wa utawala alimwita bi Somoe akamwambia mbele za watu kwamba yeye ndiye anayeziosha, kwa hiyo yeye ndiye anayezitia nyufa. Bi Somoe alirudi kwenye karo lake akijua la kufanya, kwa sababu bibi yake aliyemlea alikuwa mpishi wa shughuli, na chungu kipya hakukiweka kwenye moto mkali hata siku moja. Alikizoesha kwanza. Makaa mawili matatu, maji ya uvuguvugu, kikae, kipoe, halafu ndipo kipelekwe jikoni.

Kwa hiyo kila asubuhi ya mgao, saa moja, wenzake hawajafika, bi Somoe alipasha maji kwenye jiko la mkaa nyuma ya maabara, akayachanganya kwenye beseni la plastiki, akayapima kwa kiwiko kama ya kumkanda mzazi: yaume bila kuunguza. Akazipanga chupa humo nusu saa. Kisha akazifuta kwa kitambaa safi, akazirudisha kabatini kila moja mahali pake. Hakuna chupa iliyopasuka tena. Hakumwambia mtu, kwani nani anatangaza kwamba amezoesha chungu?

Mwezi wa sita ikaja barua kutoka juu. Wafanyakazi wapunguzwe. Kila chumba kitoe jina moja kufikia tarehe kumi ya mwezi unaofuata. Kwa daktari Badriya majina ya kuchagua yalikuwa mawili tu. Bi Somoe alikuwa na chumba cha kupanga na binti, Hamisa, kidato cha tatu, ambaye mama yake hakutaka abonyeze dole gumba popote maishani mwake. Kazi ikienda, na shule imekwenda.

Na katika majuma hayo hayo chupa zikaanza kufanya maajabu. Siku zenye umeme seli zilikufa kama inavyopaswa, hadubini nzima bluu. Siku za mgao hazikufa. Moto ule ule, saa ile ile, lakini zinatoka nyeupe, zimejishikilia kwenye kioo kana kwamba zimetoka kuoga. Daktari alirudia mara tatu, mara nne. Akapekua daftari la Theonest: arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na tano. Siku moja akaweka kalamu chini.

"Nani anagusa chupa zangu?"

"Mimi nazigusa saa saba tu, daktari, wakati wa kuziweka kwenye beseni," alisema Theonest.

"Mie dawa zenu sizigusi," alisema bi Somoe, na kwa moyo wake wote alikuwa anasema kweli. Yeye alishughulika na kioo. Vilivyokuwamo ndani havikumhusu.

Lakini neno lile lilimwingia. Kumbe kuna mkono unapita! Nani anayeshika beseni siku za mgao? Theonest. Nani anayewasha jenereta? Theonest. Nani atakayenusurika ikionekana chumba kina mchezo na mwosha vyombo ndiye anayefika mapema? Bi Somoe alianza kumchunga. Alichomoa uzi mweusi kwenye pindo la kanga, akaufunga kwenye kitufe cha joto cha beseni, mwembamba hata nzi asiuone. Mgao uliofuata, jioni, uzi umekatika.

Tena akamwona uani, nyuma ya jenereta, anachungulia huku na huku. Alitoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba kilichofungwa kwa ukambaa, akatia kitu mdomoni, akakificha upesi. Bi Somoe akajiambia. Dawa ya kwao hiyo.

Alikwenda kwa daktari, akafunga mlango. Akamweleza uzi, akamweleza kifurushi. "Mie sisemi ni yeye, daktari. Nasema nilichokiona."

Theonest alipoitwa alisema kitufe alikigeuza kwa sababu umeme wa jenereta ni mnyonge, asipokipandisha maji hayafiki arobaini na tano. Kifurushi kilikuwa cha kahawa ya kutafuna, na alijificha kwa sababu kula karibu na maabara ni marufuku. Alikitoa akakiweka mezani. Punje kumi hivi, nyeusi. Bi Somoe alizitazama akaona huyu ameshajiandaa. Mtu mwenye jibu kwa kila swali, aliwaza, ndiye wa kuogopwa.

Barua ilikwenda tarehe kumi na jina la Theonest. Siku anaondoka alimpitia bi Somoe pale karoni. "Shikamoo, mama." Akainama vile vile. Kile kifurushi akakiweka pembeni ya sabuni, akasema, "Utachangamshia kinywa." Bi Somoe aliitikia marahaba ya juu juu. Kijana alipotoka nje, kifurushi akakitupa kwenye pipa.

Mgao uliofuata bi Somoe alichelewa. Alikuwa na msiba Mbagala, akafika saa nne, na hakuwahi maji ya asubuhi. Mchana daktari alishika beseni mwenyewe. Saa kumi akainua uso kutoka kwenye hadubini, uso umetulia. "Bluu tupu, bi Somoe. Basi ilikuwa ni yeye." Bi Somoe alifurahi. Tena alifurahi sana, tusimfichie. Alikwenda kwenye kalenda yake ya ukutani, ambamo alitia alama za kila kitu, kutia alama ya chupa zilizokufa siku ya mgao.

Penseli ikasita. Kalenda ile ilikuwa na alama zake nyingine pia, nukta ndogo alizozitia kila asubuhi alipozoesha chupa, ili siku yoyote akiambiwa ameharibu awe na ushahidi. Nukta, seli zikaishi. Nukta, zikaishi. Leo hakuna nukta, zimekufa. Alirudi nyuma juma kwa juma, kidole kinapanda na kushuka, na hakuna mahali nukta ilipodanganya.

"Hapana," alijiambia. "Inatokea tu."

Lakini mtu wa kushuku hawezi kushuku wengine akajiacha mwenyewe. Mgao mwingine ulipofika chupa za kujaribiwa zilikuwa nne, na hakuzipasha zote. Alichukua moja tu, akaifunga uzi mweusi shingoni, ule ule wa pindo la kanga. Zile tatu aliziacha na ubaridi wao. Kutwa nzima mikono yake ilivunja sabuni vipande vipande. Saa kumi daktari alitazama ya kwanza, bluu. Ya pili, bluu. Ya tatu, bluu. Ya nne aliitazama muda mrefu, akaitazama tena, kisha akageuka polepole akamwangalia bi Somoe.

Kesho yake asubuhi daktari Badriya aliweka mkoba mezani, akasema, "Habari za asubuhi."

Hakutoa shikamoo. Kwa miaka yote hiyo bi Somoe hakuwahi kujua kwamba neno lile lilikuwa na uzito kiasi kile. Wamebaki wawili chumbani, na mmoja wao sasa anashukiwa. Angeweza kunyamaza. Angeacha tu kuzoesha chupa, moto ungeua kila siku, ile moja ingesahauliwa, shikamoo ingerudi, na Theonest angebaki mwizi wa joto mpaka kiama. Hakuna karatasi popote yenye jina la Somoe. Hilo ndilo lililomzuia kunyamaza, kwamba safari hii aliyewekewa karatasi asiyoijua ni mwingine, na aliyeisogeza karatasi ni yeye.

"Daktari," alisema, na sauti ikatoka na mchanga. "Chupa ya uzi ni mie. Zote zilizoishi ni mie."

Akamwonyesha kila kitu: jiko, birika, beseni la plastiki, kiwiko. Daktari hakupandisha sauti. Alileta kipimajoto, akamwambia, "Changanya kama unavyochanganya." Bi Somoe alichanganya, akatia kiwiko, akaongeza maji ya moto kidogo, akasema hapo. Kipimajoto kilisoma arobaini na mbili. Daktari Badriya akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na koti lake jeupe likagusa majivu.

"Bi Somoe, umekuwa ukimwamsha Balozi asubuhi," alisema. "Joto dogo, lisiloua. Anaamka, anaita mafundi, wanakaa ndani. Mchana nikileta moto mkubwa, nyumba imeshajaa mafundi. Wanapata kazi kabla hata hakijaharibika kitu. Watu wa ng'ambo wameliandika hili, na mimi nimelisoma. Nimelisoma kabisa! Lakini sikudhani linaweza kunitokea hapa karoni. Nikatafuta mwizi."

"Na Theonest?"

Daktari alivua miwani. "Nitaandika tena. Lakini orodha wameshaifunga, niliuliza jana kwa ajili ya jambo jingine. Sahihi ni yangu, si yako."

"Mdomo ni wangu," alisema bi Somoe.

Maji yalikuwa yanapoa katikati yao. Kisha bi Somoe akauliza kitu ambacho hakujua kwa nini anakiuliza. "Huyo Balozi akishaamka, analala tena?"

"Joto likipita wale watatu wanaachana, kila mmoja anarudi kukaa. Lazima. Asipokaa, mafundi wanazidi kutengenezwa bila kazi, wanakula nguvu yote, na seli haikui."

Bi Somoe alihesabu miaka yake kimoyomoyo: kumi na tisa, na sasa arobaini na sita. Aliikumbuka nyumba ya Keko na wino kwenye kidole. Watu aliowashuku tangu hapo hakuweza kuwamaliza kuwahesabu: mume aliyechoka kupekuliwa mifuko akaondoka, mashoga walioacha kubisha hodi, Hamisa anayefunga daftari lake mama akiingia. Alilia, na hakujificha kulia. Alikuwa na uchungu, na aibu, na hasira kwa marehemu baba yake mdogo ambaye hata kaburi lake hakulijua.

Daktari hakumfukuza. Tena alimpa kipimajoto chake mwenyewe na daftari jipya, azoeshe chupa kwa mpango, nyuzi na dakika zikiandikwa. Bi Somoe alilipokea daftari lile kama mtu anayepokea kitu cha wizi.

Ijumaa hiyo aliomba ruhusa, akauliza na kuuliza mpaka akafika Kurasini, kwenye yadi moja ya makontena karibu na bandari. Theonest alikuwa langoni, kofia ya plastiki kichwani, ananukuu namba za malori kwenye daftari. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Alipomwona alivua kofia.

"Shikamoo, mama." Akainama.

Bi Somoe, kwa mazoea, aliisikilizia shikamoo ile kutafuta kilichofichwa ndani yake. Hakukuta kitu. Ilikuwa shikamoo tu, na bila shaka siku zote ilikuwa hivyo.

"Usinipe bado, baba," alisema. "Nisikilize kwanza. Ukishanisikia, ukiona nafaa, utanipa."

Akamsimulia yote. Malori yalinguruma, ikabidi sehemu nyingine azirudie kwa kupaza sauti, mbele ya makuli waliogeuka kutazama: kwamba ni yeye aliyezipasha chupa, ni yeye aliyefunga uzi, ni yeye aliyefunga mlango wa daktari na kusema. Kahawa pia aliisema, kwamba aliitupa. Theonest alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, kijana yule aliuliza swali moja.

"Maji yako yalikuwa nyuzi ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Theonest alifungua daftari la malori, akaandika chini ya namba za siku ile: 42. Akaitazama. "Nilimwambia daktari zangu zilikuwa arobaini na tano," alisema. "Kila siku zilikuwa arobaini na tano."

"Najua, baba. Na yeye amejua."

Macho ya kijana yalikuwa yamejaa maji, akageukia lango kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi. Alikwenda kulifungulia, akanukuu namba, akaja jingine nyuma yake, na jingine. Bi Somoe aliuweka mkoba wake chini, pale pale langoni penye makuli na wapita njia, akaupa mgongo, akakaa juu ya kipande cha mbao kusubiri kama atapewa shikamoo.